Mtunza Chambo

Maabara, chini ya mlima
4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu haikusumbui na Dada hakusumbui, ingawa najua kati ya hivyo viwili kipi kinakuchosha zaidi.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Tumefungua sanduku, Baba! Ile data yote tuliyoifungia bila kuitazama, ili tusije tukaona tunachotaka kuona, tumeifungua juzi asubuhi. Tulijazana kwenye chumba cha kompyuta hadi mpishi akaja na mwiko wake mkononi. Mwanafunzi ameipitia yote na ametoka na mimweko sita ambayo anasema si uchafu, si mionzi ya miamba, si kelele za mitambo. Anasema ndiyo yenyewe. Ile maada yako yenye uzito isiyotoa mwanga, uliyoanza kuitafuta mimi sijazaliwa, imegonga tangi letu mara sita.

Ulistaafu tukiwa bado tunabishana kama Mwanafunzi ni wa kuaminika, kwa hiyo nikukumbushe: ni ile akili bandia tuliyoifundisha kwa mifano ya kuigiza, mimweko iliyotungwa na kompyuta, hadi ikajua kutofautisha mmweko wa kweli na wa kupotosha. Watu humu wanamsifu kana kwamba wamemzaa wao. Mkuu wa maabara alilia. Mkuu! Mtu aliyekwenda kwenye harusi yake na kikokotoo mfukoni.

Sasa kazi. Mkuu ameniagiza nikuulize rasmi, nawe ujibu kwa mkono wako na utie sahihi: je, ulitutegea chambo? Sheria ni yako, kwamba mtu mmoja apenyeze kimyakimya mimweko ya uongo ndani ya data, tupimwe kama tutainasa na kama tutashangilia kabla ya wakati. Na tangu yule kijana achungulie faili akaharibu jaribio zima, uliamuru kusiwe tena na faili wala karatasi, programu ijifute ikimaliza, na siri ikae kichwani mwako tu. Kwa hiyo hakuna mwingine wa kumwuliza. Ukisema uliweka, tutacheka, tutanuna kidogo, tutarudi kazini. Ukisema hukuweka, basi Baba, sijui hata niandike nini.

Simu bado ni marufuku huku chini, zinayachanganya macho ya tangi yanayonasa mimweko, nawe kwenye simu husikii zaidi ya "halo". Barua hii nampa dereva wa mizigo. Jibu haraka, tafadhali, Mkuu hali wala halali.

Mwanao,
Chiriku

*

Nyumbani
12 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjamana kama shati la dereva mwenyewe, lakini imefika.

Jibu rasmi, umwonyeshe Mkuu: Sikuweka chambo chochote katika data hiyo. Nilikusudia kuweka, nikaahirisha kwa ajili ya mambo ya kustaafu, na sikurudi tena kwenye jambo hilo. Nakumbuka vizuri. Sahihi yangu iko hapo chini.

Jibu lisilo rasmi: nilitoka nje nikasimama uani, nikarudi ndani, nikatoka tena. Jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nimepata. Ningekuwa na umri wako ningepanda juu ya paa.

Ila usiniletee uhakika mtupu. Mwanafunzi wenu amesema "ndiyo". Sawa. Amesema ndiyo kwa kiasi gani? Mtu anayejua bila kukuambia anajua kiasi gani, huyo si mwanasayansi, huyo ni mpiga ramli. Umemfundisha kusema "sijui"? Nilikuambia ukiwa bado unavaa sare ya shule kwamba kipimo kisicho na shaka yake ubavuni ni umbea tu. Niandikie shaka yake ni ngapi.

Hapa sote wazima. Natengeneza redio ya jirani. Nimeifungua yote, iko mezani. Kuifunga ndiko bado. Una lile koti zito? Huko chini baridi inaingia mifupani.

Dada yako amezua tabia mpya ya kuficha funguo. Funguo za mlango, za kabati, zote. Nimemuuliza kwa upole, akaniangalia tu. Nafikiri cherehani zimemchosha. Wewe usimwambie nimekuambia.

Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi mno, acha niseme hivyo hivyo. Una lile koti zito? Huko chini baridi inaingia mifupani.

Baba yako
(na hii ndiyo sahihi yangu)

*

Maabara
19 Machi

Baba,

Shikamoo tena na tena. Koti ninalo, umeuliza mara mbili, basi nitalivaa mara mbili.

Mkuu alisoma jibu lako kwa sauti mbele ya wote. Alipofika "sikuweka", chumba kililipuka. Fundi wa umeme alimkumbatia mpishi, na hao wawili walikuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa jokofu. Natamani ungekuwepo.

Sasa swali lako la shaka, maana nilijua utaliuliza na nilijiandaa. Nimefundisha nakala kadhaa za Mwanafunzi, kila moja kwa mifano iliyochanganywa tofauti kidogo. Kisha naziuliza zote swali moja. Zikibishana, ule ubishi ndio shaka yetu. Zikikubaliana, tunapumua. Kwa kawaida hubishana kama ndugu wanaogombania urithi, hata kwa mmweko wa uchafu unaojulikana kabisa. Lakini kwa hii sita, Baba, kimya! Hakuna hata moja iliyobisha. Shaka ndogo kuliko yoyote tuliyowahi kuipima humu. Mkuu anasema tungeagiza mimweko kutoka kwa fundi isingetoka safi hivi.

Tutatangaza katikati ya Mei. Wageni watakuja, waandishi wa habari, wakubwa. Mkuu anataka uketi mbele kabisa, na kabla ya lolote kusemwa, wewe usimame useme mbele ya watu kwamba hakuna chambo. Atatuma gari likuchukue. Nitakununulia tai. Usibishe.

Chiriku wako

*

Nyumbani
26 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko shimoni. Sisi tupo, kazi zipo, wateja wanataka nguo jana.

Nakuandikia haraka kuhusu hiyo safari. Baba hatakuja. Ni miguu. Mwambie Mkuu wenu asitume gari, litarudi tupu na mtakuwa mmepoteza mafuta. Na usimwandikie habari za kusimama mbele za watu, maana ameshatoa suti kabatini na anaivaa kila asubuhi. Namvua, anavaa.

Najua utakasirika. Kasirika. Lakini nakuomba kama dada yako, msimweke mbele za watu wala msimwulize maswali hadharani. Barua aliyoandika inatosha. Au hata nayo msiitegemee sana, amezeeka.

Cherehani nimezihamishia sebuleni. Mwanga ni mzuri zaidi.

Dada yako

*

Maabara
2 Aprili

Dada,

Miguu? Baba alipanda ngazi za huku chini kila siku hadi anastaafu, leo ameshindwa kukaa kwenye gari?

Acha nikuambie ninavyoona mimi. Umekaa naye peke yako muda mrefu, umezoea kuwa wewe ndiye unayesema ale nini, avae nini, aende wapi. Sasa unamfichia hadi funguo. Ndiyo, ameniambia! Mzee wa watu ametafuta kitu kimoja maisha yake yote, kimepatikana, na wewe unasema gari litapoteza mafuta. "Amezeeka." Mbona unamzeesha hivyo? Wakati mwingine nafikiri hukunisamehe mimi kwenda shule na wewe kubaki dukani unashona.

Samahani. Hapana, sitaki samahani. Nina hasira, na nina hofu nyingine ambayo haikuhusu, kuna kitu kwenye data kinanikera na kinaninyima usingizi. Mwambie Baba nitamwandikia mwenyewe.

Mimi

*

Maabara
9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua hii isome peke yako, polepole, kama ulivyokuwa ukisoma kazi zangu za nyumbani.

Unalikumbuka jicho la juu, lile lililo karibu na bomba la kupoozea? Lilianza kufifia mwaka juzi. Tulijua. Tukasema ni jicho moja kati ya mamia, jambo dogo, na hatukumfundisha Mwanafunzi habari zake. Mifano yote aliyosomea ina macho mazima.

Wiki iliyopita nilikuwa nachora picha za mimweko kwa ajili ya waandishi wa habari. Nikagundua kwamba kila mmweko uliopita kwenye tangi tangu jicho lile lianze kufifia, hata wa uchafu, jicho lile limeuona nusu tu. Wote, Baba. Nimerudia hadi macho yangu mwenyewe yakaanza kufifia. Isipokuwa mimweko yetu sita. Kwa mimweko hiyo sita, jicho lile linaona vizuri kama siku lilipotolewa kwenye boksi.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mwanafunzi hakuwa na shaka. Mimweko ya kweli inamtatiza, kwa sababu tangi lenyewe halifanani na mifano aliyosomea. Hii sita haikumtatiza kwa sababu imetoka kwenye programu ile ile iliyomtungia mifano. Tulidhani ana uhakika kwa kuwa ameona kweli. Alikuwa amekutana na mtihani alioufanya jana.

Ukiacha mafunzo, programu ile ina mlango mmoja tu wa kuingia kwenye data, na mlango huo ulikuwa wako peke yako.

Kwa hiyo nakuuliza tena, na safari hii si kwa niaba ya Mkuu. Uliweka chambo, Baba? Kama uliweka na una sababu ya kukaa kimya, kama ulitaka kutupima hadi mwisho kabisa, niambie mimi tu. Sijamwambia mtu. Tangazo liko karibu na wageni wameshaalikwa.

Chiriku

*

Nyumbani
15 Aprili

Binti,

Barua yako nimeipata. Umeniita mwongo kwa maneno ya adabu, na umeandika vizuri, hongera kwa hilo.

Sikuweka. Nilikusudia kuweka, nikaahirisha kwa ajili ya mambo ya kustaafu. Nakumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyeitunga sheria ile, na unadhani ningeichezea? Unadhani ningeacha mwanangu asimame mbele ya watu na kitu cha uongo mkononi, nami niko nyumbani nacheka?

Kakague programu yako. Kakague macho yako. Kisha uniombe radhi.

Baba yako

*

Nyumbani
16 Aprili

Mdogo wangu,

Dereva alikuwa keshaondoka na barua ya Baba, nimemkimbilia hadi kituo cha mafuta ili akupe na hii. Zisome pamoja, na hii isome mara ya pili.

Barua ile Baba ameiandika mara nne. Akimaliza anaikunja, anaiweka mezani, anakwenda kunywa maji, anarudi anauliza "nimeshamjibu Chiriku?" Namwambia umeshajibu. Anaketi anaandika upya. Maneno yale yale, hata "nakumbuka vizuri" iko pale pale. Nimekutumia ile ya kwanza. Nyingine ninazo kwenye droo ya nyuzi, sikuweza kuzitupa.

Si miguu. Miguu ndiyo kitu pekee kilichobaki kizima, na ndiyo inayomtoa nje. Nafunga milango na kuficha funguo kwa sababu mwaka jana alitoka kwenda kazini. Kazini, ameshastaafu! Walimkuta soko la mitumba anauliza njia ya kwenda kwenye tangi. Kutengeneza redio ya jirani, jirani hakuleta redio, ni yetu. Cherehani niliziweka sebuleni nimwone. Mwanga wenyewe ni mbaya, nimeanza kushona kwa kupapasa.

Daktari alisema jina la ugonjwa kabla hata Baba hajastaafu. Ndiyo sababu alistaafu. Aliniapisha nisikuambie. Alisema, "Chiriku akijua ataacha kazi aje kunishika mkono, na sasa hivi wako karibu kuipata." Basi nikanyamaza. Nikatukanwa na wewe kwa barua, nikanyamaza. Mimi sikuwahi kukuonea wivu, mpuuzi wewe. Nilikushonea sare zako zote.

Sijui mambo ya macho ya tangi. Lakini ukiniuliza kama Baba anaweza kufanya jambo, akasahau kabisa kwamba amelifanya, kisha akaapa kwa moyo mweupe kwamba hakulifanya, nakujibu: leo asubuhi alikunywa chai mara tatu na kila mara alinilaumu kwamba simpi chai.

Dada yako

*

Maabara
22 Aprili

Dada yangu,

Nisamehe. Sina neno zaidi ya hilo, na hilo lenyewe halitoshi.

Nimekaa na barua zenu mbili kwenye chumba cha nguo, juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa kuwa ni mahali pekee humu ambapo mtu akilia watu wanadhani ni mafua ya baridi. Nimejua mambo mawili kwa wakati mmoja, Dada. Kwamba hatukupata kitu. Na kwamba Baba anaondoka. Yametoka kwenye mchoro mmoja, jicho lile linavyoona vizuri mahali ambapo halitakiwi kuona, na siwezi kulikubali moja nikalikataa jingine. Usiku na mchana nilikuwa naomba Mungu niwe nimekosea hesabu. Sikukosea.

Tumepima shaka ya kila kitu humu. Ya tangi, ya macho, ya nyaya, ya Mwanafunzi na nakala zake. Baba peke yake ndiye tuliyemchukua kama alivyo. Hatukujiuliza. Nani angejiuliza? Alikuwa akikumbuka namba za macho yote kwa moyo.

Sasa sijui la kufanya. Nikimwambia Mkuu kwamba ni chambo, ataniuliza kwa nini mtunza chambo alitia sahihi kwamba hakuweka. Nina majibu mawili. Ama Baba ni mwongo, ama Baba ni mgonjwa. La kwanza litalichafua jina lake, na watu hapa wanalitaja jina lake kwa heshima kuliko langu. La pili ni siri yake, alikuapisha. Nikinyamaza, tutatangaza, kisha mtu mwingine wa nchi nyingine ataliona lile jicho, na tutachekwa hadi kwenye magazeti, Baba akiwa wa kwanza.

Akiwa na asubuhi nzuri, muulize. Mwelezee yote. Yeye ndiye mwenye siri, aamue yeye.

Mdogo wako

*

Nyumbani
27 Aprili

Chiriku,

Dada yako ameniamsha mapema, amenipa chai, amenieleza. Nimemwambia akae hapa kando yangu hadi niimalize barua hii, na nikianza kurudia aniguse bega.

Kwanza, jicho lile. Umefanya kazi nzuri. Ningekuwa mwalimu wako ningekaa kimya kwa furaha, kama kawaida yangu. Ni chambo. Hakuna maelezo mengine.

Pili, mimi. Nimejitafuta kichwani tangu asubuhi. Siku ile, kiti, kompyuta, lolote. Hakuna. Wala si giza, Chiriku, maana giza ungeliona. Nakumbuka nikiahirisha. Najiona kabisa, nimesimama mlangoni, nasema "kesho". Na kumbe sivyo ilivyokuwa. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kumbukumbu ya uongo ni safi kuliko za kweli.

Na liko baya zaidi, acha niliseme maadamu nipo. Ulipoandika kwamba mmepata, nilitaka iwe kweli. Nilikwisha mwona daktari. Nilijua kichwa changu si cha kutegemewa tena. Ningeweza kuandika "sina uhakika". Maneno mawili. Nimewafundisha watu maneno hayo maisha yangu yote, na zamu yangu ilipofika nikaandika "nakumbuka vizuri". Sijui kama nilisahau au nilijidanganya. Nakuambia kwa dhati kwamba sijui.

Waambie. Usiandike "kwa sababu zisizozuilika". Usinifiche nyuma ya maneno ya ofisini. Andika: mtunza chambo ni mgonjwa, amesahau, na hakuna aliyepanga tufanye nini akisahau. Anayekuja baada yetu alijue hilo. Weka jina langu.

Dada yako amenigusa bega. Sijui nilikuwa nimerudia nini.

Nakupenda. Sikuwa nasema sana.

Baba

*

Maabara
3 Mei

Dada,

Nimewaambia.

Mkuu alizima projekta, fundi wa umeme akaanza kukohoa kwa aibu. Kisha Mkuu akasema tuahirishe tangazo, tuandike kwamba kumetokea "changamoto za kiutawala", tumlinde mzee. Alisema kwa huruma, hakuwa na ubaya. Nikasoma maneno ya Baba kama yalivyo. Nilipofika "amesahau", akaendelea kuyasoma Mkuu mwenyewe, akiwa amesimama nyuma yangu.

Hakuna aliyelaumu. Mpishi alipika bila kuimba. Wageni wamepigiwa simu kutoka ofisi ya juu wasije. Mmoja wa vijana alichukua kamba akafunga tena sanduku la maonyesho tulilokuwa tumeliandaa, akalifunga vizuri mno, kama maiti.

Usimwambie Baba kwamba tulilia. Mwambie wameelewa. Ukimwambia leo, mwambie tena kesho.

Mdogo wako

*

Nyumbani
14 Julai

Kwa Mtafiti Mhusika
Maabara

Ndugu,

Samahani kukuandikia bila kufahamiana. Nimekuta anwani yenu kwenye bahasha. Mama mmoja anayeshona hapa sebuleni amenipa karatasi na kalamu. Ni mtu mwema, ila anaficha funguo.

Nina binti anayefanya kazi huko kwenu. Mimi namwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea. Huko sijui mnamwitaje. Nasikia palitokea kosa huko kwenu, na kosa lenyewe lilikuwa langu. Ni kosa gani, sikumbuki. Nimejaribu sana, nakuhakikishia. Hofu yangu ni kwamba wamemwadhibu yeye kwa ajili yangu. Kama ndivyo, naomba uwaambie wakubwa wako kwamba hakuhusika. Yeye ni makini. Akipima kitu anapima na shaka yake.

Siku hizi haandiki. Pengine anadhani nimemkasirikia. Ukimwona, mwambie baba yake hana hasira naye hata kidogo, na kama nilimwandikia neno kali, alitupe.

Akuonyeshe na jinsi alivyokuwa akihesabu akiwa mdogo, kwa vidole vya mikono yangu, kwa sababu vyake alisema havitoshi.

Nashukuru kwa muda wako.

Mzee mmoja, baba yake

*

Maabara
20 Julai

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia mimi mwenyewe, na umeandika kwa mtu sahihi. Binti yako namfahamu vizuri. Tunalala chumba kimoja.

Hakuadhibiwa. Kosa lile liliandikwa lilivyo, kama ulivyotaka wewe mwenyewe, na sasa watunza chambo ni wawili na kila mmoja anaulizwa kila mwezi kama bado anakumbuka. Maabara nyingine zimeiga. Kile unachokitafuta bado hatujakipata. Sikufichi. Mwanafunzi tumemfundisha upya na jicho bovu, na siku hizi anasema "sijui" hadi anachosha.

Ujumbe wako nimemfikishia. Ameusoma, amelia, na amesema nikuambie kwamba alikuwa anaandika, na ataendelea. Neno kali hulikumbuki, naye hakulihifadhi.

Ataondoka huku Jumamosi na gari la mizigo. Amechukua likizo isiyo na mwisho, na anakuja kukaa. Akiingia mlangoni huenda usimjue. Usijilazimishe, Mzee wangu, wala usione aibu. Muulize tu yeye ni nani, atakujibu. Kesho yake ukimuuliza tena, atakujibu tena. Mama anayeshona sebuleni naye ni wako. Muulize na yeye.

Wako mtiifu,
Mtafiti Mhusika